Rangi ya Chumba cha Kuogea

Kila chumba cha nyumba kina msemaji wake. Sebule husifiwa na wageni, chumba cha kulala hutunzwa na wenyewe, na jiko hulindwa na mama mwenye nyumba. Chumba cha kuogea peke yake hakina wa kukisemea. Hata jina lake twalizungukazunguka: msalani, maliwatoni, uani, bafuni. Kwa hiyo ndugu msomaji asistaajabu kumwona mwalimu mstaafu, mwenye umri wa miaka sabini na ushei, akikaa mezani na kuandika juu ya rangi za chumba hicho. Maisha yangu ya kazi yalinifundisha kwamba jambo lisilosemwa ndilo ambalo watu huliamua bila kufikiri, wakidhani kuwa lilivyo leo ndivyo lilivyokuwa tangu enzi za mababu.

Uamuzi wenyewe ni huu. Siku hizi mtu akijenga nyumba, au watoto wakiamua kumkarabatia mzee wao bafu, swali la rangi halichukui hata dakika mbili. Fundi husema, "Weka marumaru nyeupe, mzee, huo ndio usafi," na shauri limekwisha. Ukuta mweupe, sakafu nyeupe, choo cheupe, beseni jeupe. Atakayethubutu kutaja rangi ya udongo, au ya mchanga, au ya jani kavu la mwembe, ataonekana mtu wa anasa, au pengine mtu anayetamani kurudi kwenye choo cha makuti. Nia yangu ni kuonyesha kwamba weupe huo una tarehe yake ya kuzaliwa, tena si ya mbali. Kwamba rangi za ardhi ni kongwe kuliko huo. Na kwamba kuchagua baina ya hizi mbili si jambo la urembo tu. Yako majumba ambamo ni jambo la mtu kuanguka au kutoanguka.

Tuanze na lugha yetu, kwani lugha ni ghala la historia. Katika Kiswahili, rangi zenye vivumishi vyake zenyewe ni tatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Zilizobaki, karibu zote, tumezitwaa kutoka kwenye vitu tunavyoviona na kuvigusa. Kijani ni jani. Manjano ni kiungo cha kupikia. Kijivu ni jivu la mekoni. Kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, waridi ni ua, samawati ni mbingu. Nyekundu iliyokolea sana tukaiita damu ya mzee. Basi wauza rangi wanapotuletea vitabu vyenye picha za kupendeza na kutuhimiza tuchague rangi kutoka katika maumbile, hawatuletei jambo jipya. Sisi hatukuwa na mahali pengine pa kuzitoa.

Na katika maumbile hayo, rangi iliyomtumikia binadamu muda mrefu kuliko zote ni ile ya udongo mwekundu. Katika pango la Blombos, kusini kabisa mwa Afrika, wataalamu walikuta makombe ya baharini ambamo watu walisaga na kuchanganya rangi nyekundu ya udongo yapata miaka 100,000 iliyopita. Hapa kwetu, michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, mingi yake ni ya wekundu huo huo. Siri yake ni nyepesi: ni chuma kilichopata kutu. Udongo wenye kutu ya chuma iliyoshikana na maji huwa wa manjano au wa rangi ya ugoro. Ukiuchoma, maji hutoka na wekundu huibuka. Mtu yeyote aliyewahi kufyatua matofali ameuona muujiza huu: tofali huingia tanuuni likiwa limefifia, likatoka jekundu. Rangi ya namna hii haichuji kwa jua wala haiozi kwa maji, maana kutu haiwezi kupata kutu mara ya pili.

Sasa twende kwenye kuoga kwenyewe. Wengine hudhani kwamba chumba maalumu cha kuogea kililetwa Afrika Mashariki na Wazungu. La hasha. Kilwa Kisiwani, katika jumba la Husuni Kubwa lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, kuna bwawa la kuogea la pembe nane, nalo lingali laonekana katika magofu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, huyu ndiye sultani aliyemkuta. Katika mji wa Gedi, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza kufukua mwaka 1948, nyumba za mawe zilikuwa na vyoo na mahali pa kujisafishia ndani kwa ndani. Na katika nyumba za kale za Lamu, bafu lilikuwa na birika la maji lililojengwa ukutani. Wakafuga humo samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakatia bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wapate mahali pa kujisitiri. Watu waliofikiri hata juu ya samaki wa birikani hawakuwa wageni wa usafi.

Rangi za vyumba hivyo zilikuwa zipi? Zilikuwa rangi za vitu vilivyovijenga. Mawe yalitoka kwenye matumbawe. Chokaa ilipatikana kwa kuyapanga matumbawe hayo juu ya tanuu la kuni na kuyachoma, kisha kuyazima kwa maji. Lipu yake ilichanganywa na mchanga, ikasuguliwa mpaka ikawa laini kama ganda la yai. Ilikuwa nyeupe, ndiyo, lakini kwa weupe uliopoa, unaokaribia rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la chai. Juu yake zilipita boriti za mikoko zenye ukahawia wake. Mwanga uliingia kwa kipimo, ukatua juu ya ukuta usiomrudishia mtu mng'ao machoni. Hapakuwa na aliyekwenda dukani kuchagua rangi hizi za joto, kama wanavyoziita walimu wa sanaa. Bahari na msitu vilikwisha kumchagulia.

Zanzibar ya karne ya 19 ilifika mbali zaidi. Mabafu ya Kidichi, yaliyojengwa na Sayyid Said kwa ajili ya mkewe aliyetoka katika ukoo wa kifalme wa Uajemi, yana kuta za lipu iliyochorwa maua na ndege. Mwanawe, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga mabafu ya watu wote mjini, na mtaa ule waitwa Hamamni mpaka leo. Dada yake, Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, aliyaeleza mabafu ya jumba la Mtoni kuwa mahali ambapo watu walikaa, wakapumzika na kuzungumza. Tazama basi: aliyekuwa na uwezo wa kuagiza chochote alitaka aogapo azungukwe na maua na ndege. Tamaa ya kuyaingiza maumbile chumbani mwa maji haikuanza na wauza rangi wa leo.

Weupe mkali wa marumaru una asili nyingine kabisa, na hapa yafaa tuvuke bahari hadi Ulaya, kwa sababu huko ndiko ulikozaliwa. Miji mikubwa ya Ulaya katika karne ya 19 iliteswa na kipindupindu na kifua kikuu. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha jijini London kwamba kipindupindu kilikuwa kikisambazwa na maji ya pampu moja ya mtaani. Kisha Louis Pasteur kule Ufaransa akaifundisha dunia habari za vijidudu, na Robert Koch wa Ujerumani akatangaza mwaka 1882 kwamba amekitambua kijidudu cha kifua kikuu. Watu wakashikwa na hofu ya adui wasiyemwona, na hofu ile ilikuwa ya haki. Mapazia mazito, mazulia na mbao za bafuni vikatupwa. Mahali pake vikaja vigae vyeupe, kwanza hospitalini, kisha katika nyumba za matajiri, kisha kila mahali. Hoja yao ilikuwa na akili: weupe hauui vijidudu, lakini ni shahidi. Uchafu ukitua juu yake, huonekana, na ukionekana husafishwa.

Lakini shahidi akisema kwa sauti kubwa mno, naye huchosha. Mwaka 1914 daktari mpasuaji wa San Francisco, Harry Sherman, alichoka na mng'ao wa chumba chake cha upasuaji. Macho yake, yakitoka kwenye wekundu wa jeraha na kukutana na weupe wa pande zote, yalipoteza uwezo wa kuona sawasawa. Akaamuru chumba kipakwe kijani cha majani ya mchicha. Leo nguo za wapasuaji duniani kote ni za kijani au samawati, wala hakuna anayewaita wachafu. Na mwaka 1927 kampuni ya Kohler ya Marekani ilianza kuuza masinki na vyoo vya rangi. Kwa hiyo wale wale waliouanzisha weupe hawakuufanya kuwa dini. Walikwisha kuanza kuuacha kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Kwetu, weupe ulikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni bwana afya na ndoo yake ya chokaa. Nami namheshimu mtu huyu. Chokaa ina ukali unaoua vijidudu vingi, ni rahisi, na iliangaza vyoo vilivyokuwa na giza. Mwaka 1973, nikiwa mwalimu kijana, ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wazima wapatao milioni 2 walijumuika katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo, kufyeka majani na kuchemsha maji. Ninalolikumbuka katika masomo yale ni mambo yaliyosisitizwa: shimo liwe refu, liwe mbali na kisima, liwe na mfuniko, na mikono inawiwe. Vyoo vilivyochimbwa vilikuwa vya udongo mtupu, vya rangi ya kijiji chenyewe, vyekundu palipo na udongo mwekundu na vya kijivu penye mfinyanzi. Viliokoa watoto wengi kuliko marumaru zote nilizopata kuziona. Afya ilikuwa katika shimo, katika mfuniko na katika maji. Haikuwa katika rangi.

Njia ya pili ni biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata sabuni ilikuwa ya foleni, sembuse vigae. Milango ya biashara ilipofunguliwa baadaye katika miaka hiyo hiyo, marumaru zilianza kuja kutoka nje, na nyingi nilizoziona madukani siku zile zilikuwa nyeupe, zikawa alama ya mtu aliyefanikiwa. Leo zatengenezwa hapa hapa nchini, Chalinze na Mkuranga, na rangi ni za kila namna. Hapa naomba ndugu msomaji aliangalie neno lenyewe. Marumaru ya asili ni jiwe linalochimbwa ardhini. Hii tunayonunua kwa boksi si jiwe. Ni udongo uliosagwa, ukashindiliwa, ukachomwa, kisha ukavikwa utando unaong'aa kama kioo. Maana yake ni kwamba hata yule aliyejenga bafu jeupe kama theluji amezungukwa na udongo uleule wa tofali. Tofauti ni shati ulilovishwa.

Basi kwa nini jambo hili linanigusa? Linanigusa kwa sababu ya mama watoto wangu. Macho yake yameanza kufifia, daktari amesema ni mtoto wa jicho, na umri nao una hukumu zake. Miaka michache iliyopita tulifikia katika nyumba moja ya wageni, nzuri kwa kweli, ambayo bafu lake lilikuwa jeupe kutoka chini hadi juu. Aliingia, akakaa kitambo kirefu, nikasikia akiita. Nikamkuta amesimama katikati, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Akaniambia, "Mwalimu, humu mimi sioni kitu kilichoachana na kingine." Choo hakukiona kilipo, wala hakuiona ngazi ndogo ya mahali pa kuogea, ambayo kidole chake kilikuwa kimekwisha kuigonga. Kwangu mimi chumba kile kilikuwa kisafi na wazi. Kwake kilikuwa ukungu.

Baadaye nilisoma na kuuliza, nikaelewa. Lenzi ya jicho la binadamu hugeuka ya manjano kadiri anavyozeeka, nayo huzuia sehemu ya mwanga wa samawati. Kwa mzee, samawati hafifu, kijani hafifu na kijivu huanza kufanana. Rangi zinazobaki na nguvu zaidi machoni pake ni zile za upande wa moto: wekundu wa tofali, chungwa, ukahawia. Zaidi ya hayo, jicho lililochoka halitambui kitu kwa umbo lake peke yake. Lataka kitu kiwe na rangi tofauti na kilicho nyuma yake. Mzee akivunjika nyonga bafuni, mara nyingi huo ndio mwisho wa kutembea kwake, na pengine ndio mwanzo wa safari yake ya mwisho. Ndiyo maana nilisema mwanzoni kwamba rangi si urembo tu.

Watoto wetu walipotaka kutujengea bafu la ndani, mkubwa wao alikuja na vipimo na bei ya marumaru nyeupe. Ni kijana mwenye adabu na moyo mwema. Alisema, "Baba, tunataka mkae mahali pasafi." Nikamjibu kwamba usafi ni kazi ya mkono na ufagio, na kwamba mwenye chumba hiki ni mama yake, basi aulizwe yeye. Akaulizwa. Yeye hakutaja rangi kwa majina ya dukani. Alisema sakafu iwe kama uwanja wa kwao ulivyokuwa baada ya mvua, na ukuta uwe kama ukindu mkavu. Yule mtoto aliandika, akaenda, akarudi na vipande viwili vya mfano: kimoja cha rangi ya tofali lililoiva, kilichokwaruza ili mguu usiteleze, na kingine cha rangi ya mchanga mkavu. Bei ilikuwa ile ile. Choo na beseni tukaviacha vyeupe, kwa makusudi, maana sasa vinajitokeza mbele ya ukuta kama mwezi. Ukingo wa ngazi ukawekwa mstari wa kahawia iliyokolea, na vyuma vya kushikilia vikapakwa rangi hiyo hiyo. Mama huingia na kutoka bila kumwita mtu. Hilo kwake ni heshima kubwa, na heshima ya mtu mzima mara nyingi hukaa katika mlango ule usiosemwa.

Yule anayetaka kuchagua rangi za namna hii nimpe mashauri machache ya kiualimu. Kwanza, rangi asiipime dukani. Achukue kipande akiweke ndani ya chumba chenyewe, akitazame asubuhi, alasiri na usiku, kikiwa kikavu na kikiwa kimelowa, kwani udongo ukilowa hukolea. Pili, aiangalie taa. Taa yenye mwanga mweupe wa kuelekea samawati huziua rangi za udongo, zikaonekana kama nyama iliyolala. Taa yenye mwanga wa manjano huziamsha. Tatu, iliyokolea ikae chini na hafifu ipande juu, kama maumbile yenyewe yalivyopangwa: ardhi, mashina, kisha anga. Nne, rangi zisizidi tatu. Tano, sakafu isiwe ya kung'aa, hata kama fundi ataisifu. Wale waliokaa nyumba za serikali zenye sakafu za saruji nyekundu zilizosuguliwa kwa nta wanajua jinsi zilivyopendeza, na jinsi zilivyowaangusha watu zilipopata maji.

Wala sitaki kuudhulumu weupe. Chumba kidogo chenye kidirisha kama kitabu chahitaji kuta zitakazorudisha mwanga, na hapo juu ya ukuta nyeupe au ya maziwa yafaa sana. Rangi zilizokolea nazo zina adhabu yake: penye maji ya chumvi huacha ukoga mweupe, utakaotaka kufutwa kila wiki. Na kipande cheupe kikivunjika, cha kukirithi hupatikana upesi, lakini cha rangi ya tofali huenda kisipatikane tena, kwa hiyo ni busara kuweka boksi moja akiba. Haya yote ni ya kweli. Ninalolikataa ni kwamba weupe uwe ndio jibu kabla swali halijaulizwa.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Naongeza kwamba ukishaingia ndani, usiishie sebuleni. Nenda hadi chumba kile cha mwisho, uangalie kimejengwa kwa ajili ya nani. Sultani alimjengea mkewe na kumpambia maua. Bwana afya alimjengea mtoto asiendeshe. Mjenzi wa leo amuulize atakayekitumia, hasa akiwa ni mtu ambaye macho yamekwisha kumpungukia, na jibu atakalolitoa lipelekwe dukani kama lilivyo.